Toboa Unachokiona

Mmenipa saa. Ya ukutani, kubwa, fremu ya mbao, na chini yake kibati chenye jina langu. Mlipoifungua ile karatasi ya kumetameta mkanitazama wote mkisubiri nicheke. Sikucheka. Nilisema asante, nikala vijiko viwili vya pilau, nikaaga. Nimesikia baadaye kwamba yule binti wa mapokezi ameniita mzee wa kununa. Sawa, nimenuna. Nilianza kununa kabla mama yake hajazaliwa, na kwa kuwa sasa sina kazi ya kuamkia, nitakaa chini niwaandikie kwa nini, ili siku nyingine mkimuaga mtu mfikirie kidogo cha kumpa.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mwenye hamu navyo akafungue faili langu, limejaa vumbi la kumtosha. Nitaeleza habari za kadi, za mwanamke aliyenifundisha kadi, na za shemeji yangu Athumani ambaye kadi hizohizo zilimfunga. Nyinyi mmenikuta kwenye kompyuta mkadhani mambo haya yameanza na kompyuta. Hapana. Yameanza na tundu.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, kijana wa Kariakoo mwenye cheti cha shule na shati moja jeupe. Ofisi ilikuwa upande wa mjini, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka Mnazi Mmoja kwa miguu, nyuma yangu mabati na makuti ya kwetu, mbele yangu maghorofa ya Wahindi, na mbele zaidi Wazungu na bustani zao. Mji ulikuwa umekatwa vipande vitatu kama mkate na kila mtu alijua kipande chake. Kazi yetu ilikuwa kutunza hesabu za kampuni za watu wengine kwa mashine, hasa kampuni moja iliyokuwa inapakua na kupakia mizigo bandarini. Jina lake silitaji, ilishakufa na sina hamu ya kuifufua.

Siku ya kwanza nilipelekwa chumba cha nyuma. Kelele ya mle ndani ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Katikati ya kelele hiyo alikaa mwanamke wa Kihindi mwenye sari nyeupe ya ujane, miwani imeshuka hadi puani, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. Huyo ndiye Mama Shanta. Alikuwa akiishi Mchafukoge, ghorofani juu ya duka la vyombo vya shaba, amezaliwa hukohuko, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mikono umenawa?"

Nikasema nimenawa.

"Umenawa maji. Sabuni je? Nasikia samaki wa Feri mpaka huku. Nenda kanawe tena, halafu uje tusalimiane vizuri."

Nilichukia siku hiyo, lakini alikuwa na haki. Kadi ni karatasi ngumu, ukubwa wa bahasha ndogo. Ina safu themanini, na katika kila safu zimepangwa namba kuanzia sifuri hadi tisa kwa kushuka chini. Ukitoboa tundu kwenye nne, safu hiyo inasema nne. Ndiyo elimu yote, hakuna uchawi. Basi kidole chenye mafuta kikiigusa, kadi inashikana na mwenzake, mashine inameza mbili kwa pamoja, na utashinda unatoa vipande vyake kwa koleo huku watu wanakusema.

Mashine zilikuwa za aina nne. Ya kwanza ya kutoboa. Ya pili ya kuhakiki: hapo mtu mwingine anachukua karatasi ileile aliyosoma mtoboaji, anabonyeza upya namba zote juu ya kadi iliyokwisha kutobolewa, na akibonyeza namba tofauti na tundu, mashine inagoma na taa nyekundu inawaka. Ya tatu ya kupanga, inazigawa kadi katika vijisanduku kufuata namba. Ya nne ya kuchapa orodha na kujumlisha. Mimi niliwekwa kwenye kutoboa. Mama Shanta alikuwa mhakiki, yaani kila nilichofanya kilipita mikononi mwake. Taa nyekundu ikiwaka hakuwa anagomba. Alikuwa anaiinua ile kadi na kuipunga hewani bila neno, na chumba kizima kinajua ni ya Idi, yaani mimi.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha mashine. Masika kadi zinavuta unyevu zinavimba, kwa hiyo alikuwa anazifunga ndani ya debe la biskuti pamoja na kitambaa kilichofungiwa mchele mkavu. Alinifundisha kupitisha sindano ndefu ya chuma katikati ya matundu ya bunda zima la kadi. Ikipita hadi mwisho, zimepangwa sawa, na ikikwama, hapo ilipokwama ndipo pana kadi ya kigeni. Alinikataza kuwapa akina mama wa mtaani zile chenga, vipande vidogo vinavyodondoka kwenye matundu. Walikuwa wanazitaka wakawarushie maharusi. "Kona za chenga zina ncha," aliniambia. "Bwana harusi akae kitandani anafikicha macho, wewe utamjibu nini mkewe?"

Lakini somo kubwa lilikuwa la saa. Karatasi za zamu zililetwa kutoka bandarini, kila kuli na namba yake, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Geti moja lilikuwa na karani aliyesoma misheni, akaandika saa za Kizungu. Geti jingine lilikuwa la Mzee Kombo, mtu wa Kariakoo kama sisi, mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wangu, naye aliandika saa kama anavyozisema mdomoni. Kuli akiingia saa moja asubuhi, Mzee Kombo anaandika 1. Akitoka saa kumi na moja jioni, anaandika 11. Angeandika nini kingine? Jua limechomoza, saa moja hiyo. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Mashine haikujua. Mashine ilitengenezwa kwao, na siku yao inaanza katikati ya usiku watu wamelala. Kwa hiyo Mama Shanta kabla hajashika karatasi yoyote alikuwa anauliza kwa sauti, "Saa za nani hizi?" Nami namjibu, za Mzee Kombo. Basi mimi natoboa 7 badala ya 1 na 17 badala ya 11, naye anahakiki vivyo hivyo, taa haiwaki, maisha yanaendelea. Swali hilo aliliuliza mara nyingi hata likawa kama salamu yetu. Nikichelewa kurudi kula mchana ananiuliza, "Umerudi kwa saa za nani?"

Halafu akaja Bwana Nukta.

Jina lake lilikuwa jingine, hilo tulimpa sisi. Kila kitu kwake kilikuwa nukta: nukta hii haipo mahali pake, nukta ile imezidi. Alikuwa msimamizi mpya, Mzungu mwembamba mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini, na Kiswahili alikijua, tena si haba, kile cha kuamrisha. Siku moja watu wa ile kampuni walikaa na karatasi za Mzee Kombo mkono mmoja na orodha yetu mkono wa pili, wakaona kwenye karatasi 1, kwenye orodha 7. Wakapiga simu wakisema waandishi wetu wanabadilisha namba. Bwana Nukta akatujia juu, uso mwekundu mpaka masikioni.

Mama Shanta akamweleza polepole. Huyu karani anaandika saa za hapa, bwana, sisi tunazigeuza ziwe zenu.

"Moja mpaka kumi na moja ni saa ngapi za kazi?" akauliza Bwana Nukta.

"Kumi."

"Na saba mpaka kumi na saba?"

"Kumi."

"Jumla iko sawa. Basi unageuza nini? Kazi yenu si kufikiri. Toboa unachokiona."

Akaagiza ubao, akauandikisha maneno hayo kwa rangi nyeusi, ukapigiliwa misumari ukutani mbele ya meza yangu. TOBOA UNACHOKIONA. Nilikaa nautazama ubao huo kila siku ya kazi, na nataka mjue kwamba hadi leo nikifumba macho nauona.

Basi tukatoboa tunachokiona. Kwa orodha yetu, makuli wote wa geti la Mzee Kombo wakawa wanaingia kazini saa saba usiku na kutoka saa tano asubuhi, siku nenda siku rudi, watu ambao nilikuwa nakutana nao asubuhi njiani tukienda kazini pamoja. Hakuna aliyelalamika kwa sababu jumla iko sawa. Mama Shanta peke yake ndiye aliyekuwa akihakiki huku ananung'unika Kigujarati chini kwa chini, na nilipomuuliza anasema nini akanijibu, "Namtukana. Wewe toboa."

Sasa nije kwa Athumani. Alikuwa mtu wa Lindi, amemuoa dada yangu Mwanaidi, nao wakikaa chumba cha uani katika nyumba ya mama yetu Kariakoo. Alifanya kazi ya ukuli katika kampuni hiyohiyo, geti la Mzee Kombo. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, na mcheshi wa kumchosha mtu. Nikirudi jioni nikiwa nimevaa shati langu jeupe ananipokea barazani: "Shemeji, leo umetoboa karatasi ngapi? Mimi nikitoboa gunia nakatwa, wewe ukitoboa karatasi unasifiwa. Hebu nifanyie mpango na mimi." Mwanaidi alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na Athumani kila siku alileta embe mbichi hata usipokuwa msimu wake. Sijui alikuwa akizitoa wapi.

Siku ya mkasa walikuwa wanapanga marobota ya vitambaa ndani ya bohari. Marobota yalirundikwa juu mno, kwa sababu meli nyingine ilikuwa inasubiri na msimamizi wa bohari hakutaka kupoteza nafasi. Adhana ya alasiri inaadhiniwa, rundo likaporomoka, na Athumani alikuwa chini yake. Wenzake walimtoa kwa mikono. Mguu wa kulia ulikuwa umesagika chini ya goti. Kundi zima lilikuwepo, kundi zima lilisikia ile adhana.

Kampuni ilikuwa na kesi mbaya mkononi na ilijua. Nani aliamuru marobota yapandishwe kiasi kile? Wakatafuta mlango wa kutokea, wakauona kwetu. Waliagiza orodha ya siku ile. Mimi ndiye niliyeziingiza kadi kwenye mashine ya kuchapa, na namba ya shemeji yangu nilikuwa naijua kwa moyo. Karatasi ikatoka: ameingia 01, ametoka 11, kwa maana Mzee Kombo alikuwa amemwandikia zamu kamili asikatwe ujira. Nikaishika ile karatasi nikamwonyesha Mama Shanta. Aliisoma, akavua miwani, akaketi nayo mapajani.

"Watasema alikwisha toka," akasema. "Watasema alirudi kuiba."

Na ndivyo walivyosema. Kwamba kuli huyu alitoka kazini saa tano asubuhi, na alasiri akakutwa ndani ya bohari la vitambaa. Alikuwa anatafuta nini? Askari akawekwa hospitalini kando ya kitanda chake. Mtu mguu umesagika, mnamlinda asikimbie. Mwanaidi alipokwenda kumwona alizuiliwa mlangoni, akarudi Kariakoo kwa miguu na tumbo lake, akakaa barazani bila kuvua viatu.

Kabla ya mahakama ilifanyika kwanza baraza ofisini kwa Bwana Nukta. Wakaja mabwana wawili wa kampuni, akaitwa Mzee Kombo, akaitwa Mama Shanta, na mimi nikasimama mlangoni na sanduku la kadi. Mzee Kombo alivaa kanzu na koti, akaitwa karibu na meza, akaonyeshwa karatasi yake.

"Namba hizi, moja na kumi na moja, uliziandika wewe?"

"Niliandika mimi, bwana, lakini..."

"Inatosha."

Akaambiwa akae. Mtu mzima yule, nywele nyeupe.

Wakamgeukia Mama Shanta. Je, kadi na karatasi zinalingana? Mama Shanta akasimama, akarekebisha sari yake begani, akasema maneno ambayo nimeyashika tangu siku hiyo: "Zinalingana, bwana, na zote mbili zinasema uongo mkizisoma hivyo, na huyu msimamizi wangu anajua."

Karani wa wale mabwana alikuwa ameketi kando ya mlango, anaandika. Nilikuwa karibu, niliiona karatasi yake. Aliandika: zinalingana. Akaweka nukta.

Kesho yake Mama Shanta hakuwepo. Niliambiwa amepumzishwa. Mwanamke mjane, watoto watatu, kazi ya miaka, amepumzishwa. Nilimfuata Mchafukoge jioni, nikapanda ngazi zile nyembamba, nikamkuta anachambua dengu. Hakulia wala hakunionea huruma. Alinipa ile sindano ya kupimia kadi, akaniambia niende kwa Mzee Kombo nimwambie kesi ikifika asikubali kukatizwa, aseme jambo moja tu: kwamba geti lake usiku linafungwa. Mtu hawezi kuingia saa saba usiku kwenye geti lililofungwa. Hilo hakimu yeyote angelielewa, wa rangi yoyote, hata awe amelala nusu.

Nikaenda. Mzee Kombo akanishika mkono akasema safari hii hatanyamaza. Makuli wenzake Athumani nao wakasema watakuja wote. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwona dada yangu anakula.

Tarishi wa mahakama alileta karatasi ya wito bandarini kwa Mzee Kombo, naye akawatangazia wenzake: kesi ni siku fulani, saa tisa. Akanitumia salamu nyumbani, saa tisa. Siku hiyo asubuhi nikaenda kazini kama kawaida. Kiti cha Bwana Nukta kilikuwa kitupu. Alirudi karibu na adhuhuri, akaning'iniza kofia, akaketi. Nikamwendea, nikamwomba ruhusa ya mchana.

"Kwenda wapi?"

"Mahakamani, bwana. Kesi ya shemeji yangu ni saa tisa."

Alinitazama. Nakumbuka alinitazama kwa kitambo, kalamu mkononi, kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akainamisha kichwa kwenye makaratasi yake.

"Nenda tu," akasema.

Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru.

Tulikutana Mnazi Mmoja, mimi, Mwanaidi, Mzee Kombo na kanzu yake iliyopigwa pasi, na makuli kundi zima wameoga wamevaa vizuri, wengine na viatu vya kuazima. Tukaenda kwa pamoja. Mahakama ilikuwa tupu. Mtu mmoja alikuwa anafagia, madirisha yamekwisha fungwa upande mmoja. Akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia kesi ya Athumani.

"Hiyo imekwisha asubuhi. Mashahidi wake hawakutokea. Amefungwa, wameshamchukua."

Kisha Mzee Kombo akainua mkono, akaonyesha saa iliyokuwa ukutani juu ya kiti cha hakimu. Mshale mdogo ulikuwa kwenye tatu.

"Lakini tumewahi," akasema. "Si hiyo hapo? Saa tisa kamili."

Nilichukua ile karatasi ya wito kutoka mkononi mwake. Ilikuwa imeandikwa 9. Ni 9 yao, ya asubuhi. Mzee Kombo aliisoma kama anavyoandika, na kama alivyoandika maisha yake yote. Sikumlaumu na simlaumu. Mtu amehukumiwa kwa sababu saa zetu zilisomwa kama zao, halafu wakatupa wito kwa saa zao tukausoma kama zetu. Niambieni nani hapo hakujua kusoma.

Mwanaidi alikaa chini sakafuni palepale mahakamani. Yule mfagiaji akamletea maji.

Lakini hilo silo lililonitia moto. Ngojeni. Asubuhi iliyofuata nilifika kazini nikamkuta dereva wa Bwana Nukta anafuta gari uani, mtu wa kwetu, tunataniana. Akanipa pole. Akasema alikuwepo nje, alimsikia bwana wake akisifiwa kwa ushahidi mzuri wa orodha.

"Ulimpeleka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Aliniambia juzi jioni, njoo kesho saa mbili na nusu, tunaenda mahakamani. Nikamfuata saa mbili na nusu."

Someni tena hapo. Bwana Nukta alimwambia dereva wake saa mbili na nusu. Hakumwambia nane na nusu. Alizijua saa zetu. Alizitumia kila siku alipokunywa chai, alipoagiza gari, alipomwambia mpishi wake aandae chakula. Ilipokuwa kwa ajili ya tumbo lake na safari zake, saa moja ilikuwa saa moja ya asubuhi. Na mimi nilipomwambia kesi ni saa tisa, alijua kesi imekwisha, alikuwa ametoka kuitolea ushahidi mwenyewe, na akaniambia nenda tu.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Dereva wako ulimwambia saa ngapi, bwana?"

Alielewa palepale. Uso ulimbadilika, kisha ukarudi.

"Dereva ni dereva," akasema. "Mashine ni mashine."

"Ulijua."

"Nikikubali kwamba siku ile si sawa, Idi, basi kadi za mwaka mzima si sawa. Zote zirudiwe. Kampuni itatukimbia. Na jumla iko sawa."

Hiyo ndiyo bei ya mguu wa Athumani. Kazi ya kurudia kadi. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu baadhi yenu ni waumini na mimi pia, nikageuka nikatoka. Hakunifukuza. Mama Shanta hayupo, mashine zilikuwa zinakwama kila siku, na aliyejua kuzikwamua alikuwa mimi peke yangu. Nami sikuacha kazi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama, na dada, na mtoto anayekuja, na mwenzangu wa kuleta chakula amefungwa. Msiniambie habari za heshima. Heshima huipiki.

Athumani alitoka mtoto wake amekwisha anza kutembea. Mtoto anatembea na baba yake hatembei vizuri, mguu uliungana vibaya huko gerezani, ukapinda. Bandarini hawakumtaka tena, mwizi. Alikaa barazani kwetu akiuza nazi na makaa. Utani haukurudi. Ukimuuliza saa ngapi sasa, alikuwa anakutazama kwanza, halafu anauliza, "Saa za nani?" Nilikuwa nimemsimulia maneno ya Mama Shanta ili kumchekesha, naye akayachukua kwa njia yake. Watu wa mtaani walidhani anatania.

Bwana Nukta alirudi kwao. Siku aliyoondoka nilichukua nyundo, nikaung'oa ule ubao, nikaupeleka nyumbani, Mwanaidi akaukata kuni. Uliwaka vizuri, ulikuwa mbao nzuri. Baada ya hapo, kila kijana aliyekaa mbele yangu nilimfundisha kuuliza kabla hajabonyeza kitu. Wengine mlikasirika mkasema mzee huyu anatuchelewesha. Mwezi wangu wa mwisho hapo nilimsikia mmoja wenu dirishani akimwambia bibi mmoja, "Kompyuta inasema hapana, mama." Bibi amekuja na mkongojo. Nilimwomba huyo kijana aniambie nani aliiingiza hiyo hapana ndani ya kompyuta, akacheka, akadhani ni fumbo. Si fumbo. Kuna mtu aliiingiza, na huyo mtu aliambiwa asifikiri.

Mama Shanta alifariki Mchafukoge, watoto wake wakubwa. Nilisimama uani na Wahindi wenzake, sikujua mila zao, nikafanya wanavyofanya. Athumani naye ameshatangulia. Mwanaidi yupo, naishi naye, macho yamepungua nguvu lakini ulimi bado.

Ile saa yenu nilifika nayo nyumbani imefungwa tena kwenye karatasi yake. Nilitaka kuiacha sandukuni. Mwanaidi ndiye aliyesema itundikwe, watu wamejinyima wakakununulia. Nikapigilia msumari, nikaitundika, nikarudi nyuma kuitazama kama imekaa sawa. Ilikuwa alasiri, adhana inaadhiniwa, na mshale mdogo ulikuwa kwenye tatu.

Dada yangu aliinua kichwa akaitazama.

"Irudishe nyuma kwa saa sita," akasema. "Humu ndani sitaki saa ya mahakamani."

Nikapanda kigoda, nikairudisha mpaka mshale mdogo ukafika kwenye tisa.